Vurra: Mawe yapo, ua la mlimani halikai

Katika Vurra, kusini mwa mji wa Arua kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, mawe si kitu adimu. Ndiyo maana bustani ya mawe huonekana kazi nyepesi: kupanga mawe, kujaza udongo baina yake, kisha kupanda yale maua ya milimani yanayotandaa kama mkeka na kubaki na majani mabichi mwaka mzima. Tatizo ni maua yenyewe.

Mfano ni Arabis alpina, ua lenye petali nne nyeupe linalopendwa katika bustani za Ulaya. Wengi hulidhani la Ulaya tu, ilhali humea pia Elgon, Rwenzori, Mlima Kenya na Kilimanjaro. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa asili yake ni Asia Ndogo, na kwamba lilifika Afrika Mashariki kwa njia yake, bila kupitia Ulaya.

Ugeni, basi, sio unaoliua huko Vurra. Linalouawa nalo ni usiku wenye joto. Mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi, Olov Hedberg, aliyezuru milima hiyo mwaka 1948, aliieleza hali yake kuwa ni kiangazi kila mchana na kipupwe kila usiku. Mmea hupumua usiku, na joto likizidi hutumia chakula kingi ulichojitengenezea mchana. Vurra iko kwenye kimo cha takriban mita 1,200, nayo mimea hiyo huishi zaidi juu ya mita 3,000. Mvua za masika nazo huozesha shina lake katika udongo wa vuguvugu.

Wala asiende mtu kuing'oa Elgon au Rwenzori: ndani ya hifadhi za taifa ni kosa kufanya hivyo bila kibali.

Mbinu ya mawe, hata hivyo, hufaa. Tuta liinuliwe, udongo uchanganywe na kokoto na mchanga mwingi, na kila jiwe lizikwe theluthi yake ili mizizi ipate ubaridi chini yake. Hapo shubiri hustawi, na Portulaca grandiflora hutandaa kati ya mawe. Hilo hupenda jua kali na huchipua kwa kipande kilichokatwa. Kati ya Desemba na Februari, wakati wa ukavu, miche michanga imwagiliwe asubuhi, kabla mawe hayajapata moto.