Damu ya Mzazi na Siku Arobaini

Mimba inapokomaa, damu ipatayo mililita 500 hadi 700 hupita kwenye mji wa mimba kila dakika. Kondo likibanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi. Misuli ya mji wa mimba hujikaza na kuibana. Hiyo ndiyo kinga ya kwanza. Ya pili huandaliwa miezi kadhaa kabla, ndani ya damu yenyewe.

Chukua faibrinojeni, protini inayosuka nyuzi za donge la damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito huwa gramu 2 hadi 4 katika lita moja. Kuelekea kujifungua hufika 4 hadi 6. Ndiyo maana jibu la maabara la gramu 2, la kawaida kabisa kwa mtu mwingine, humshtua daktari likiwa la mzazi anayevuja damu. Wakati huohuo protini S, ambayo kazi yake ni kuzuia damu isigande ovyo, hupungua, na kondo hutoa kemikali inayochelewesha madonge kuyeyuka.

Kinga hii ina gharama, nayo hulipwa miguuni. Mji wa mimba hulalia mishipa inayorudisha damu moyoni, na damu hii iliyo tayari kuganda ikituama huweza kufanya donge mguuni. Mguu wa kushoto huathirika zaidi, kwa kuwa mshipa wake hubanwa na ateri iendayo mguu wa kulia.

Wengi hudhani mtoto akishalia, hatari imekwisha. La. Hupanda zaidi baada ya kujifungua, hasa kwa aliyepasuliwa, kisha hushuka taratibu kwa takriban wiki 6. Hizo ndizo arobaini zetu. Sina ugomvi na arobaini; uji wa moto na shangazi wa kumfulia mzazi ni msaada mkubwa. Ninachopinga ni kumlaza kutwa nzima. Aamke, atembee chumbani na uani, anywe maji ya kutosha.

Na kukandwa je? Miguu yote miwili kuvimba kidogo jioni ni kawaida. Mmoja ukivimba peke yake, ukauma na kupata joto, usikandwe hata kidogo: apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Akibanwa kifua au kuhema kwa shida ghafla, huenda donge limefika mapafuni, wala asisubiri kupambazuke. Dawa ipo: sindano za heparini hazivuki kondo, na anayenyonyesha huendelea kunyonyesha.