Mtoto aseme sentensi ya Kiingereza kabla ya kuiandika

Mtoto wa Kirando, wilayani Nkasi, akiulizwa kuhusu samaki waliotolewa ziwani asubuhi, anaweza kusimulia kwa Kiswahili mpaka chai ipoe. Akiambiwa aandike sentensi tatu za Kiingereza kuhusu samaki haohao, penseli inasimama.

Wazazi wengi hudhani ni uvivu. Mara nyingi tatizo ni namna lugha hizi mbili zinavyojenga sentensi.

Neno moja, "anapika", limebeba mtendaji, wakati na tendo. Kiingereza kinadai maneno matatu: "She is cooking." Ndiyo maana mtoto huandika "Mother she is cooking", akifuata "Mama anapika". Na kwa kuwa "a" hiyo haibagui mwanamke na mwanamume, baba naye huandikwa "she". "Samaki mkubwa" anageuka "fish big". Hata aliyeanza na Kifipa nyumbani hukutana na kikwazo hichohicho, kwani nayo ni lugha ya Kibantu.

Makosa hayo si ujinga. Yanaonyesha mtoto anafikiri, ila anatumia kanuni za lugha anayoijua.

Yakiachwa, yanagharimu. Masomo mengi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Aliyezoea kunakili ubaoni bila kuunda sentensi yake atakwama hata kwenye baiolojia na historia, ingawa jibu analo kichwani.

Nyumbani, anza na mdomo. Mwonyeshe kitu halisi aseme: "This is a fish." Abadilishe neno moja: "This is a boat." Akizoea, aongeze jingine: "This is a big fish." Ndipo aandike. Sentensi moja aliyoielewa ina faida kuliko kumi alizonakili.

Daftari lililokwisha nalo lina kazi. Kata karatasi vipande, kila kimoja kiwe na neno lake, kisha mtoto avipange mpaka sentensi ikamilike.

Usisahihishe kila kitu kwa mara moja. Leo shughulikia herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni. Kesho "he" na "she". Daftari lililojaa wino mwekundu humfanya mtoto aogope kuandika.

Mzazi asiyejua Kiingereza naye ana nafasi. Amuulize: "Hapa umeandika nini? Niambie kwa Kiswahili." Akishindwa kueleza, huenda amenakili tu, na hapo ndipo pa kuzungumza na mwalimu.

Kabla ya kulaumu, chunguza pia afya yake. Mtoto anayekunja macho akitazama mbali, anayeinamia sana daftari au anayeomba kurudiwa maneno kila mara, huenda haoni au hasikii vizuri. Mpeleke kituo cha afya apimwe macho na masikio, na umwombe mwalimu amketishe mbele. Fimbo haitamfanya auone ubao.