Neno "Hifadhi" na Tasnifu za Uzamili katika Nchi ya Dodoma

Mtumba, mwendo wa kilomita 17 hivi mashariki ya Dodoma mjini, ndipo ulipo Mji wa Serikali uliofunguliwa mwaka 2019, na Wizara ya Maliasili na Utalii imo humo. Shughuli za ofisi hizo, kama zilivyo za mabaraza ya vijiji, zaendeshwa kwa Kiswahili. Lakini mwanafunzi wa uzamili asomaye uhifadhi wa viumbe na maendeleo endelevu, awe wa Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007 au wa Sokoine, hufundishwa kwa Kiingereza na tasnifu yake huiandika kwa lugha hiyo. Kiswahili hukitumia mahali pamoja tu, nako ni katika hojaji. Na hapo ndipo penye hatari.

Tutazame neno lenyewe. *Hifadhi* lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kulinda kitu kisipotee. Ndiyo maana mtu aliyeiweka Kurani moyoni husemwa kuwa ameihifadhi. Katika matumizi ya utawala jina la tendo likageuka kuwa jina la mahali: Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, Hifadhi ya Ruaha. Katika Dodoma neno lilipata uzito zaidi. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ujulikanao kwa kifupi HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoliwa na mmomonyoko, zaidi ya kilomita 1,200 za mraba. Majani na miti ilirudi, hapana shaka. Lakini wenye ng'ombe walilijua neno kwa namna yao. Basi mzee wa huko akiulizwa, "Waona faida gani katika hifadhi?" yamkini atajibu habari za mpaka na za malisho aliyokatazwa, na mwanafunzi ataandika kwamba mzee hapendi kutunza mazingira. Wataalamu wamejaribu kutenganisha tendo na mahali kwa kusema *uhifadhi*. Kwa msomi yatosha. Katika mkutano chini ya mbuyu, irabu moja ni mzigo mdogo mno kwa kazi kubwa hiyo.

*Maendeleo endelevu* lina kasoro nyingine. Maneno yote mawili yatoka katika *endelea*, na kiambishi cha mwisho ni kile cha *-tulivu* na *-vumilivu*, kionyeshacho tabia ya kudumu. Kwa hiyo latuambia juu ya kuendelea kunakoendelea. Lakini ile sharti iliyotolewa na Tume ya Brundtland mwaka 1987, kwamba haja za watu wa leo zisiwanyime wajao haja zao, haimo. *Bayoanuwai*, nusu ya Kizungu na nusu ya Kiarabu, angalau halidanganyi mtu: asiyelijua huuliza.

Kinyume chake ni *kisiki hai*. Njia yenyewe ilienezwa na Tony Rinaudo katika Niger tangu miaka ya 1980, na jina lake la Kiingereza ni refu na zito. Katika Dodoma ilipewa jina la maneno mawili, na mkulima alisikiapo huona kitendo chote: shina lililokatwa lakini mizizi yake ingali hai, machipukizi machache huchaguliwa, mengine hupogolewa, na yaliyobaki huwekwa alama na kulindwa. Vivyo hivyo *ngitili* la Wasukuma, yaani malisho yaliyofungwa yangoje kiangazi, lilichukuliwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986, na leo laandikwa bila kutafsiriwa hata katika majarida ya Ulaya.

Ingefaa idara zidai kwamba kila tasnifu iambatishwe hojaji kwa maneno yale yale ya Kiswahili yaliyotamkwa kijijini, pamoja na muhtasari wa Kiswahili. Mtahini angeweza kupima swali kabla ya kupima jibu, na afisa wa Mtumba angeisoma kazi ambayo sasa hukaa kabatini.