Fundi wa Morogoro na Maboksi Yenye Madoa

Kwenye ukuta wa gereji moja ya Morogoro, si mbali na Msamvu, vimetundikwa vipande vya maboksi vilivyochafuka mafuta. Kila kipande kina namba ya gari na tarehe. Nilikuwa nimefuata habari ya bei ya kabichi, maana pikapu zinazoshusha mboga kutoka Mgeta hulala hapo zikisubiri matengenezo. Kabichi niliziandika zikaisha. Maboksi yale yakanikaa kichwani, nikarudi.

Mwenye gereji ni mzee wa maneno machache, na karibu kazi yake yote ni Hilux za zamani, hasa zile za LN106 zilizotengenezwa kuanzia 1988 hadi 1997. Nilipomuuliza kuhusu ule ukuta, maneno yaliongezeka.

"Gari likija jioni naliweka pale penye sakafu sawa," alisema. "Nasukumia boksi chini, naandika mbele ni wapi na nyuma ni wapi, tunakwenda kulala. Asubuhi dereva ananieleza lake na boksi linanieleza lake. Mimi naanza kulisikiliza boksi."

Akateremsha kimoja na kukilaza juu ya meza. Doa jeusi la mbele, katikati, ni oili ya injini, na yeye huishuku kwanza sili ya krenki. Jekundu lililo upande wa usukani ni la pampu ya stelingi. Maji ya rejeta, kama mwenye gari aliweka kulanti na si maji ya bomba, hukauka yakaacha ukingo wa rangi. Doa la nyuma katikati, zito, ukilisugua kati ya vidole unapata harufu ya kiberiti isiyotoka hata kwa sabuni: hiyo ni oili ya difu, namba 90, na sili ya mbele ya difu imechoka.

Kisha akanionyesha doa ambalo peke yangu nisingeliona. Lilikuwa ubavuni mwa tairi la nyuma kwa ndani, halina rangi ya maana, linang'aa kidogo tu. Akabandua kipande cha boksi pale penye doa, akakitia kwenye kikombe cha maji safi na kukitikisa. Hakuna kilichoelea juu. "Ingekuwa oili ungeiona imetanda juu ya maji. Hii imepotelea humo. Mafuta ya breki hayo, yanapenda maji kuliko sisi tunavyoyapenda."

Kupenda maji huko ndiko kunakomnyima usingizi. Mafuta ya breki ya DOT 3, yakiwa mapya, hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ila hunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo, kupitia mipira na kila kifuniko kinapofunguliwa. Yakishafikisha maji asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140. Barabara ya tambarare haitakuonyesha tofauti. Pakia kabichi Nyandira, anza kuteremka Uluguru ukikanyaga breki kila kona, na joto la kwenye magurudumu litayafikia yale mafuta. Maji yaliyomo yanageuka mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama mpaka sakafuni ilhali breki hazishiki.

Nilikuwepo alipomweleza hayo mama mmoja mfanyabiashara wa mboga, mwenye pikapu nyeupe iliyokuwa juu ya jeki.

"Baba, mbona kopo limejaa? Dereva anaongeza kila mara."

"Limejaa, mama, lakini yaliyomo yamezeeka. Na kama anaongeza kila mara, basi kuna mahali yanatoka. Mimi nataka kuyamwaga yote, nibadilishe na mipira ya silinda ya nyuma."

Mama alihesabu fedha zake kwa macho tu, akasema tairi mbili zinamsubiri pia. Wakakubaliana breki kwanza. Fundi hutaka mafuta hayo yamwagwe kila baada ya miaka 2, na hanunui kwenye kopo lililokwisha funguliwa dukani, hata akipewa kwa nusu bei. Katika jambo hili nipo upande wake kabisa.

Difu nazo zina ugonjwa wao wa milimani. Gari likivuka mto difu ikiwa ya moto, hupoa ghafla na kuvuta maji kupitia kipumulio. Ukifungua nati ya chini hutoka kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Mvua za masika zikipita, hiyo ndiyo kazi yake ya kila wiki.

Halafu kuna spea. Kwanza anasoma kibati cha gari, kwa sababu LN na RN si gari moja: N ndiyo Hilux, herufi inayotangulia ni ukoo wa injini. Kisha anaandika kwenye daftari namba ya Toyota, tarakimu tano, kistari, tano nyingine. Zile tano za mwanzo zinataja aina ya kifaa: 90915 filta ya oili, 04465 pedi za mbele, 04495 viatu vya breki vya nyuma. Kijana wake huenda Kariakoo na daftari hilo, na tangu treni ya SGR ianze Juni 2024 anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. "Zamani nilimtuma na maneno, akaniletea kinachofanana. Kinachofanana hakifungi."

Kwa vilivyotumika, vingine vikiwa vimepitia masoko ya Sharjah, ana mpaka mmoja asiouvuka. Boksi la difu, habu, mlango, hata hedi ikipimwa, atachukua. Sili, hosi na mkanda wa taimingi havichukui, kwa kuwa umri wa mpira hauonekani kwa macho. Vipya navyo vina mashaka yake. Boksi la filta lina chapa zote, na ndani karatasi imekunjwa hovyohovyo. Muuzaji naye pengine aliuziwa hivyo. Mnunuzi wa Nyandira atajuaje?

Oili chafu huchukuliwa na watu wa kupaka nguzo dhidi ya mchwa. Mafuta ya breki yaliyomwagwa hayana wa kuyataka, na dumu lake lilikuwa limejaa kando ya mfereji. Nilipouliza yanakokwenda, fundi aliutazama mfereji, hakujibu.

Kipimo cha maji katika mafuta ya breki kipo, kidude chenye umbo la kalamu. Nikamuuliza kama amewahi kukiona kwenye ukaguzi wa magari yanayoshusha mboga.

"Sijakiona. Mkaguzi anakanyaga pedali, inakaza, anaridhika. Lakini anakanyaga asubuhi, mwanangu, gari limesimama na ni la baridi. Likiwa la baridi kila pedali inakaza."