Kikapu: Si kila mpira unaodakwa ni wa kudundishwa

Na Mwandishi Wetu, Singida

MCHEZAJI wa mpira wa kikapu anayejifunzia kwenye uwanja wa udongo huzoea jambo moja ambalo baadaye humgharimu: kuutazama mpira kila anapoudundisha. Kijana wa Utemini, mjini Singida, anayefanya mazoezi kwenye kichanga chenye vijiwe hana hiari. Mpira ukigonga kijiwe huruka upande usiotarajiwa, na macho hulazimika kuufuata.

Mtaani tabia hiyo haina madhara makubwa. Madhara huonekana siku kijana huyo anapofika kwenye mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, akakuta sakafu ya saruji na mlinzi aliyefundishwa. Akiinamisha kichwa hamwoni mwenzake aliyeachwa peke yake karibu na kikapu, wala mlinzi wa pili anayemjia ubavuni. Kwa vijana wengi wa mikoani, siku hizo chache ndizo wanazopata kuonwa na makocha wa nje ya mkoa wao.

Ifahamike kwamba James Naismith alipobuni mchezo huu huko Springfield, Marekani, Desemba 1891, kudundisha hakukuwamo. Kanuni zake 13 zilimtaka mchezaji aurushe mpira akiwa pale pale alipoudakia. Wachezaji waliobanwa na wapinzani ndio waliogundua hila ya kuutupa mpira chini na kuufuata wenyewe. Kwa hiyo kudundisha kulianza kama njia ya kujinasua. Pasi ndiyo iliyotangulia.

Mantiki hiyo ingali na uzito, kwani mpira wa pasi husafiri haraka kuliko mtu yeyote anayekimbia nao. Anayedaka mpira hana budi kutazama kikapu kwanza, kisha wenzake, na akiamua kudundisha awe na sababu: kuuvusha mpira nusu ya uwanja kabla ya sekunde 8 kwisha, kushambulia kikapu mlinzi anapoacha njia, au kuhama mahali ili apate pembe ya kutoa pasi. Kudundisha mara tu mikono inapougusa mpira, kama wafanyavyo wengi, ni kuitupa nafasi.

Nafasi yenyewe ni moja tu. Mchezaji akiisha kudundisha, kisha akaushika mpira kwa mikono miwili au ukatulia katika mkono mmoja, haruhusiwi kuanza tena. Akifanya hivyo mwamuzi hupuliza filimbi na mpira huenda kwa wapinzani. Mlinzi mzoefu anapoona mpira umeshikwa humsogelea mwenye nao kifua kwa kifua, akijua amebakiwa na pasi au kurusha tu, tena ndani ya sekunde 5.

Kuhusu namna ya kudundisha, mpira husukumwa kwa vidole vilivyotanuliwa. Haupigwi kwa kiganja. Magoti hukunjwa na kichwa huinuliwa. Mlinzi akiwa karibu, mpira usizidi goti, na mwili ukae kati yake na mpira. Njia ikiwa wazi, mpira husukumwa mbele zaidi na kuachwa upande hadi kiunoni, ili mchezaji akimbie kwa hatua ndefu. Mkono ukiteleza chini ya mpira na kuubeba, ni kosa. Anayeanza akiwa amesimama hana budi kuuachia mpira kabla hajainua mguu wa egemeo, na hapo ndipo wanaojifunza hukamatwa sana.

Kutoka mstari wa pointi tatu hadi kikapu ni meta 6.75. Mwenye hatua nzuri humaliza umbali huo kwa midundo miwili. Atakayetumia mitano atawakuta walinzi wamekwisha kujipanga.

Wachezaji warefu wanaodaka ribaundi chini ya kikapu ni afadhali wasiuteremshe mpira kabisa, kwani huko chini ndiko wafupi wanakoungojea. Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, aliyechaguliwa wa pili katika usajili wa wachezaji wapya mwaka 2009, alipata sifa kwa kuzuia mipira ya wapinzani, wala si kwa kudundisha.

Kwa anayejifunza Utemini, dawa ya macho ni kutafuta kipande cha saruji, hata kidogo kama baraza. Mwenzake asimame mbele yake akionyesha vidole, naye ataje idadi huku akidundisha, mkono wa kushoto kwa muda ule ule wa kulia. Uwanja wa udongo uachiwe pasi na mazoezi ya miguu.

Kichanga kina faida yake, kwa kuwa humeza nguvu ya mpira na kuulazimisha mkono kusukuma kwa bidii. Lakini msukumo huo huo kwenye saruji huurudisha mpira hadi kifuani, na hapo huporwa kwa urahisi. Ndiyo maana aliyezoea udongo anapaswa kufika uwanjani mapema siku ya mechi na kudundisha huku na huko mpaka mkono upunguze nguvu.