Karakana ya kuchomelea nyumbani Voi: jua umeme, macho na sheria kabla ya kuwasha mashine

Voi ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya Mombasa–Nairobi inapita hapa, ile ya Mwatate na Taveta inachepukia hapa, na treni ya SGR imekuwa ikishusha abiria hapa tangu 2017. Mji kama huu hauishiwi na kazi ya chuma. Leo ni lango la nyumba mpya Sofia, kesho ni keria ya bodaboda, keshokutwa ni trela ya lori iliyopasuka ikiwa njiani kutoka bandarini.

Zamani fundi alihitaji kibanda cha jua kali na mashine nzito ya koili iliyobebwa na watu wawili. Sasa mashine za inverta zimekuwa ndogo kiasi cha kubebwa begani kama mkoba, na kijana akishaweka akiba anaipata. Kwa hivyo karakana nyingi zinaanzia nyuma ya nyumba, chini ya mwarobaini, waya ukiwa umepitishwa dirishani. Si jambo baya, riziki hutafutwa popote. Lakini mashine ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii. Yanayomwangusha fundi mchanga ni mengine, na tuyatazame moja baada ya jingine.

Umeme wa nyumba una kipimo

Plagi ya kawaida ya nyumbani hapa Kenya ina fyuzi ya ampea 13. Kwa umeme wa volti 240, hiyo ni takriban wati 3,120, basi. Ukichomelea kwa rodi nyembamba ya geji 12, yaani ya milimita 2.5, kwa ampea kama 80, mashine ndogo huvuta karibu kiasi hicho chote. Ukihamia rodi ya geji 10, ya milimita 3.2, kwa ampea 120, umevuka mpaka. Hapo ndipo plagi inaanza kunuka na kuyeyuka, na waya uliofichwa ukutani unapata moto usiouona.

Wengine hutatua shida hii kwa kuweka kipande cha waya badala ya fyuzi. Hapo umeondoa mlinzi na kumwacha mwizi ndani. Njia sahihi ni kumwita fundi umeme mwenye leseni ya EPRA akuvutie laini ya peke yake yenye waya mnene, swichi yake ya kujikata na waya wa ardhi. Kama huna uwezo huo bado, baki na geji 12 na kazi nyepesi. Na usitumie kebo ndefu ya kuunganishia ikiwa bado imekunjwa: ikivutwa mzigo mkubwa katika hali hiyo hupata joto mpaka ganda lake likalainika.

Miwani ya jua si kinga

Mwanga wa kuchomelea una miale ya urujuanimno, ile ile ya jua inayochoma ngozi, ila hapa iko karibu na uso wako. Miale hiyo huunguza ngozi ya juu ya jicho. Maumivu hayaji papo hapo. Huja baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku, na fundi huhisi kama kwamba macho yamejaa mchanga. Kwa kawaida hupoa kwa siku moja au mbili, na hapo ndipo mtego ulipo, kwani kijana huona kwamba ni jambo dogo na kurudia. Mwanga huo huo unaweza kuharibu sehemu ya ndani ya jicho, na uharibifu huo huenda usipone.

Kwa kazi ya rodi za geji 12 na 10, kioo kinachofaa ni cha namba 10 au 11, kikiwa kwenye kofia inayofunika uso mzima na shingo. Miwani ya jua, hata mitatu ukiipanga, haitoshi. Macho yakiwaka, usitie maziwa wala maji ya majani ya chai. Nenda hospitali. Na kumbuka kwamba nyumbani kuna watoto. Mtoto anayetazama cheche akiwa mlangoni anaunguzwa kama wewe, na yeye hana kofia. Weka pazia zito au bati kati ya kazi na njia ya watu.

Homa ambayo si malaria

Mabati na mabomba mengi ya maji yamepakwa zinki. Zinki huchemka kwa nyuzi 907 za Selsiasi, ilhali chuma chenyewe huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Kwa hivyo kabla chuma hakijashikana, zinki imeshageuka kuwa moshi mweupe. Ukiuvuta, usiku utatetemeka, utatoka jasho, viungo vitauma na mdomo utakuwa na ladha ya chuma. Katika eneo letu, mtu wa namna hiyo hukimbilia duka la dawa kununua dawa za malaria bila kupimwa. Mweleze daktari kazi uliyofanya mchana.

Maziwa yanayonywewa na mafundi wengi hayazuii moshi kuingia mapafuni. Kinachosaidia ni kusugua zinki itoke sehemu ya kuchomelea ukiwa umevaa barakoa ya kuzuia vumbi la chuma, kufanya kazi mahali pa wazi na kusimama upande unakotoka upepo. Upepo wa Voi hapo ni rafiki. Rodi ya kawaida ina ganda linalotoa kinga yake yenyewe ya kufunika chuma kinachoyeyuka, hivyo inavumilia upepo kuliko mashine za waya na gesi, ambazo gesi yake hupeperushwa. Lakini upepo huo huo hubeba cheche hadi kwenye nyasi kavu. Fyeka, mwaga maji, weka ndoo ya mchanga karibu.

Grainda na mapipa

Grainda ndogo ya inchi nne na nusu huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Kuna mafundi wanaotoa kinga yake na kufunga diski ya inchi tisa ili wakate haraka. Diski hiyo imeundwa kuhimili mwendo wa mita 80 kwa sekunde ukingoni. Kwenye grainda ndogo ukingo wake unaweza kufika zaidi ya mita 130. Ikipasuka, vipande vyake vinaruka kama risasi.

Pipa au tangi lililowahi kubeba petroli au dizeli usilichomelee wala kulikata, hata kama lilikauka mwaka jana. Mvuke uliobaki ndani unatosha kulilipua. Dereva wa lori mwenye haraka akikubembeleza, mwache aende zake.

Chuma hiki kimetoka wapi?

Tarehe 11 Januari 2022 nchi ilikosa umeme baada ya minara ya laini ya Kiambere–Embakasi kuanguka, na serikali ikasema vyuma vyake vilihujumiwa. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya chuma chakavu, na marufuku hiyo ikaondolewa Mei mwaka huo kwa masharti mapya. Sheria ya Chuma Chakavu ya 2015 inamtaka mfanyabiashara wake awe na leseni na aweke rekodi. Hapa kwetu kuna reli, nyaya za umeme, kingo za barabara na bomba la maji la Mzima. Ukiletewa chuma cha pembe chenye matundu ya boliti kwa bei ya kutupa, uliza risiti. Kupokea mali ya wizi ni kosa hata kama hukuiba wewe.

Chukua pia leseni ya biashara ya kaunti. Ukiajiri msaidizi, sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini ya 2007 inakuhusu. Na kama ulijifunza kazi mtaani, unaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Cheti hicho hufungua milango ya zabuni ambayo mkono mzuri peke yake haufungui.

Anza na kazi inayohitajika hapa

Usianze na lango la maua. Anza na meza yako ya kazi, kisha stuli, vizimba vya kuku na fremu za madawati. Halafu tazama mashamba. Katika ukanda wa Kasigau, wakulima wanaosumbuliwa na ndovu wamekuwa wakijaribu uzio wa Kasaine, ulioitwa kwa jina la mwenyeji aliyeubuni. Ni vipande vya mabati vilivyotundikwa kwenye waya kati ya nguzo. Upepo ukivuma vinagongana na kumetameta, na ndovu hapendi. Majaribio ya watafiti katika mashamba ya Sasenyi yalionyesha matokeo mazuri. Kazi hiyo haihitaji hata kuchomelea. Mkasi wa bati, drili na mtu makini vinatosha. Fundi wa Voi anayejua kuutengeneza anauza kitu ambacho jirani yake anakihitaji kabla ya mahindi kukomaa.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo hununuliwa jingine. Jicho halina duka, kwa hivyo ukipata pesa za kwanza nunua kofia, ndipo ununue mashine.