Kishindo Sebuleni

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi siku hizi, kitu kinachofuata baada ya kitanda, jiko na televisheni ni sabufa. Kijana apatapo mshahara wake wa kwanza wa maana, au mama inapomfikia zamu yake ya upatu, hushuka Kariakoo akarudi na boksi kubwa lenye picha ya jamaa wanaocheka mbele ya kioo. Sisi hatuna ugomvi na jambo hilo hata kidogo. Mtu aliyesimama kiwandani au aliyeshika usukani mchana kutwa ana haki ya kuketi jioni pamoja na watoto wake, akatazama mpira au sinema yenye sauti njema. Lakini tumekwisha kuona fedha nyingi za jasho zikizama katika maboksi hayo pasipo kuleta kile kilichotakiwa, na kwa sababu hiyo twapenda leo kusema na ndugu zetu juu ya jambo hili kwa urefu kidogo, tukianza na kosa letu wenyewe.

Sabufa yetu ya kwanza tuliinunua kwa kutazama namba. Ubavuni mwa boksi paliandikwa wati 10,000. Mwenye duka akaweka wimbo wenye ngoma nzito, vioo vya kabati lake vikatetemeka, nasi tukaona tumepata. Juma la kwanza nyumba ilijaa watu. Juma la pili baba yetu alifika kutoka Korogwe kuja kutibiwa mguu, akaketi nasi kusikiliza taarifa ya habari. Kila sentensi aliuliza, "Kasemaje?" Tukaongeza sauti. Msomaji wa habari akawa kama mtu anenaye kutoka ndani ya pipa. Mzee alivumilia siku tatu. Siku ya nne akaomba redio yake ndogo ya betri, akaenda kukaa nayo barazani. Usiku ule ule mpangaji wa chumba cha pili, ambaye ni muuguzi wa zamu, akapiga hodi. "Jirani, samahani," alisema kwa upole, "hiyo sinema yenu maneno yake siyasikii hata moja, ila ngoma zake nazisikia kifuani."

Hapo ndipo tulipofahamu kwamba tumenunua kishindo. Aliyekaa mbele ya chombo hakupata alichotaka kusikia, na aliyelala nyuma ya ukuta alipata asichokitaka.

Kwanza yafaa tueleze kwa nini watu huhitaji chombo hiki. Televisheni za zamani zilikuwa na tumbo kubwa, na spika yake ilitazama mbele, uso kwa uso na msikilizaji. Televisheni za siku hizi ni nyembamba kama ubao wa kuandikia. Spika zake zimekuwa ndogo mno, na aghalabu zatazama chini au nyuma, zikasema na ukuta badala ya kusema na watu. Picha imekuwa bora na sauti imerudi nyuma. Kwa hiyo si uvivu wa masikio ya wazee wetu wanapolalamika kwamba hawasikii maneno. Wana haki.

Sasa, sauti ni hewa inayosukumwa. Sauti nyembamba yahitaji kusukuma hewa kidogo kwa haraka, na sauti nzito yahitaji kusukuma hewa nyingi. Ndiyo maana spika ndogo haiwezi kupiga besi, hata ukiipigia magoti. Mafundi wakagawa kazi: spika ndogo mbili au tatu zishike maneno na vinanda, na sanduku moja lishike mngurumo. Ugawaji huo wawezekana kwa sababu ya tabia moja ya ajabu ya sikio la binadamu: sauti ikishuka chini ya mitikisiko 80 hivi kwa sekunde, sikio halitambui vizuri yatoka upande gani. Sanduku laweza kuwekwa pembeni, nawe ukadhani mngurumo watoka katika kioo. Hiyo ndiyo siri yote ya vyombo hivi vidogo.

Juu ya wati twapenda kusema wazi, maana hapa ndipo mfanyakazi anapoibiwa mchana kweupe. Kuna wati za kweli, ambazo chombo chaweza kuzitoa mfululizo, na mafundi huziita RMS. Tena kuna wati za boksini, ziitwazo PMPO, ambazo hazina kanuni moja ya kuzihesabu. Kila mwenye kiwanda huandika apendavyo. Dawa yake ni rahisi. Geuza chombo, usome kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme. Ikiwa chombo chavuta wati 60 ukutani, hakiwezi kutoa wati 10,000 spikani, kama vile debe la lita 20 lisivyoweza kumimina lita 3,000. Kibandiko chetu, tulipokisoma kwa kuchelewa, kilisema 55. Na tena mnunuzi afahamu kwamba sikio halihesabu kama karani: ili sauti isikike imekuwa kubwa maradufu, wati hazina budi kuzidishwa mara 10 hivi. Chombo cha wati 40 za kweli hakipitwi mbali na cha wati 60. Kwa chumba cha mpangaji, wati 20 au 30 za kweli ni nyingi mno.

Namba nyingine zinazowachanganya watu ni hizi za 2.1, 3.1 na 5.1. Namba ya kwanza ni hesabu ya spika za kawaida, na ile 1 ya mwisho ni sanduku la besi. Katika 5.1 kuna spika ya kushoto, ya kulia, ya katikati, na mbili za nyuma ya watazamaji. Mtindo huo tumeupata kutoka majumba ya sinema. Kampuni ya Dolby, iliyoanzishwa mwaka 1965 mjini London na Mmarekani Ray Dolby, ilileta sauti yake ya namna hiyo kwa njia ya tarakimu katika sinema ya Batman Returns, mwaka 1992. Katika sinema za mtindo huo maneno ya waigizaji aghalabu hupitishwa katika spika ya katikati. Basi spika hiyo ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote, ingawa mara nyingi ni ndogo na haina sura ya kujivunia.

Walakini spika tano si lazima ziwe sauti tano. Ikiwa nyuma ya chombo pana matundu mawili tu ya kuingizia sauti, jekundu na jeupe, basi sauti zinazoingia kwa waya ni mbili, hata kama spika zilizotundikwa ukutani ni tano au saba. Zinazobaki zarudia yale yale. Twamjua ndugu mmoja aliyetoboa ukuta akapitisha waya hadi juu ya mlango kwa ajili ya spika za nyuma. Alizifurahia mpaka siku alipoziba zile za mbele akasikiliza, akakuta zasema maneno yale yale. Kwa chumba ambacho kitanda, meza na kochi vinagusana, spika mbili nzuri na sanduku moja dogo zatosha, au ile spika moja ndefu ya kulaza chini ya televisheni ambayo vijana huiita saundiba. Tuliyo nayo sasa ni ya namna hiyo, pamoja na kisanduku chake.

Wale waliokuwa vijana Dar es Salaam katika miaka ya 1960 watakumbuka sinema ya magari iliyofunguliwa mwaka 1966. Katika sinema za namna hiyo sauti ilitoka katika kispika kimoja kidogo kilichotundikwa dirishani pa gari. Hakikuwa na besi wala mbwembwe, na jamaa nzima garini waliyafuata maneno ya sinema mpaka mwisho.

Sasa twende dukani. Usikubali kuwekewa wimbo wa mwenye duka. Wimbo ule amekwisha kuuchagua, anajua unaficha nini. Chukua flashi yako mwenyewe uliyorekodi maneno ya mtu anayesema: taarifa ya habari, mchezo wa kuigiza, hata mahubiri au mawaidha. Mwambie apunguze sauti mpaka iwe kama ya watu wawili wanaozungumza mezani. Kisha sikiliza herufi kama s, f, t na k, maana hizo ni sauti nyembamba nazo ndizo za kwanza kupotea katika chombo kibaya. Ukisikia "shamba" na "samba" kama neno moja, rudisha. Baada ya hapo ndipo umwambie aweke muziki. Tulipofanya hivyo mara ya pili, mwenye duka alituona wasumbufu, na wateja wengine wakacheka; lakini katika vyombo vinne alivyotuwekea, ni kimoja tu kilichosema maneno vizuri, nacho hakikuwa kikubwa wala ghali kupita vingine.

Tazama pia matundu. Televisheni nyingi za sasa zina tundu moja la HDMI lililoandikwa ARC, mpango ulioanza mwaka 2009. Ukiunganisha hapo kwa waya mmoja, sauti yarudi kutoka televisheni hadi spika, na aghalabu rimoti moja yaongoza vyote viwili. Waya nyekundu na nyeupe nazo hazina ubaya. Tulichokichoka ni kuunganisha kwa blututhi: kwa muziki wa simu yafaa sana, bali katika sinema mara nyingine sauti huchelewa, mwigizaji akawa amekwisha kufunga mdomo ndipo neno lake lafika.

Kununua kumekwisha, bado kukaa nacho, na hapo pana shughuli zaidi. Mtu akifika nyumbani hulisukuma sanduku la besi kwenye kona, kwa kuwa ndiko kwenye nafasi. Kona huongeza mngurumo, nao mngurumo ukizidi huyafunika maneno. Livute mbali na kuta mbili kadiri chumba kinavyoruhusu, uliweke chini, wala si juu ya kabati la nguo. Chini yake tandika kipande cha mkeka mnene au godoro kuukuu. Spika za maneno ziwe karibu na kimo cha masikio ya mtu aliyekaa, pasiwe na vazi la maua wala picha ya harusi mbele yake. Nyumba zetu nyingi zina sakafu ya saruji, kuta tupu na mabati juu. Maneno hugonga huko yakarudi, yakagongana. Zulia, pazia nzito na kochi la kitambaa husaidia kuliko kununua spika nyingine. Nasi mabati yetu yalikuwa yakiimba kwa sauti yao wenyewe kila gari lilipopita katika sinema, mpaka fundi alipokaza misumari.

Ukuta wa matofali huzuia maneno, hauzuii besi. Mtikisiko wa mara 50 kwa sekunde una wimbi lenye urefu wa mita 7 hivi, na wimbi kubwa namna hiyo halisimamishwi na tofali la inchi sita. Ndiyo maana muuguzi yule hakusikia maneno, akasikia ngoma. Kupunguza sauti yote si lazima; mara nyingi yatosha kupunguza kitufe cha besi peke yake, ama kukizima kisanduku kabisa usiku. Vyombo vingine vina kitufe cha usiku kinachopunguza vishindo na kuinua maneno. Kitumieni.

Na watoto tuwakumbuke. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 kipimo kwa ajili ya vyombo vya kusikilizia vya mtu binafsi: desibeli 80 kwa saa 40 katika juma kwa watu wazima, na desibeli 75 kwa watoto. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda wa usalama hupungua nusu. Kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya simu na visikilizio, lakini sikio ni lile lile. Siku hizi simu ya mkononi yaweza kuwekewa programu ya kupima kelele kwa kukisia, na jioni moja sisi tulipima sabufa yetu ya kwanza mahali alipozoea kukaa mtoto wetu wa mwisho, sakafuni, mbele kabisa. Ilipita 90. Hatukupenda kuiona namba ile.

Jambo la umeme twalipitia upesi: ukikatika, chomoa waya ukutani usubiri utulie, kwa maana unaporudi kwa kishindo ndipo vyombo vyetu vinapoungua.

Sabufa ile ya wati 10,000 tulimwuzia kinyozi wa mtaani, naye yu radhi nayo kabisa, kwani kinyozi hahitaji maneno yasikike, ahitaji mtaa ujue kwamba amefungua. Baba yetu alirudi mwezi wa Julai kwa ajili ya mguu ule ule. Usiku wa kwanza alisikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho bila ya kuuliza neno, kisha akaanza kubishana na msomaji kuhusu bei ya mkonge. Jirani yetu muuguzi ametuletea karatasi ya zamu zake, nasi tumeibandika kando ya televisheni. Juma hili yuko zamu ya usiku na hulala mchana, kwa hiyo watoto wakitoka shule hutazama katuni kisanduku kikiwa kimezimwa, na besi hurudi baada ya saa moja jioni, mama wa watu akiisha kuondoka.